Pointi za meli hazikupi chumba: maswali yenu ya mwezi huu

SWALI: Habari za kazi. Mi naendesha watalii hapa Arusha, na msimu uliopita nilikuwa na wageni wawili wazee wa Kimarekani, mke na mume, kuanzia Karatu mpaka geti la Naabi wanaongea meli za kitalii tu. Yule babu ananiambia yeye ni Diamond, kila siku anakunywa bure na chumba kizuri hakosi. Mimi na mke wangu tunaweka akiba, mwakani Mungu akipenda na sisi tupande. Nikijiunga na hizo klabu zao sasa hivi tutapata chumba kizuri? Na tuanze na kampuni gani?
Dereva, Sakina

JIBU: Kaka, huyo babu hajakudanganya ila kakusimulia nusu. Diamond ni ngazi kwenye klabu ya wateja ya kampuni ya meli ya Royal Caribbean, inaitwa Crown & Anchor Society, na pale pointi ni usiku, yaani ukilala melini usiku mmoja unapata pointi moja, ukilala vile vyumba vya kifahari vyenye sebule unapata mbili. Diamond inaanzia pointi 80. Juu kabisa kuna Pinnacle, hiyo ni pointi 700, hebu piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka miwili kamili ya kulala baharini! Hayo ni mambo ya wastaafu wanaokaa Florida jirani na bandari, wao wanapanda meli kama wewe unavyopanda Coaster kwenda Moshi.

Sasa angalia wanachopewa. Mtu wa Diamond ana vinywaji vinne vya bure kwa siku, na akibuku chumba chenye balkoni anapunguziwa bei. Anapunguziwa, hapewi. Kwa hiyo hicho chumba kizuri cha babu ujue kakilipia, na mimi ndo nawaambia watu kila siku, pointi zinakupa soda na bia, chumba kizuri unakipata kwa kukichagua mwenyewe mapema.

Jiungeni, ni bure, hakuna hasara, ila msizitegemee. Kama una kadi ya wateja wa hoteli kubwa yenye ngazi ya juu (najua huko kwenye utalii wapo wenye nazo) basi MSC, kampuni nyingine ya meli, wanakubali kuilinganisha na ngazi kwenye klabu yao, MSC Voyagers Club, ukaanza safari ya kwanza tayari wewe ni mtu na heshima zako. Royal Caribbean nao wanalinganisha ngazi zao na za kampuni ndugu yao, Celebrity.

Sasa chumba. Kwenye kubuku utakuta bei mbili za chumba kilekile, moja unachagua namba yako, nyingine ni rahisi kidogo ila unalipia aina tu, namba wanakupangia wao baadaye. Watu wanaikimbilia hiyo ya rahisi wakiamini watapandishwa chumba bora zaidi bure. Inatokea kweli, ila inatokea pia ukapewa chumba chini ya bwawa la kuogelea, saa kumi na moja alfajiri wanakokota viti juu ya kichwa chako, na huna pa kulalamika kwa sababu ulikubali. Mi ningelipa hiyo tofauti.

Halafu ukishabuku usilale. Bei za meli zinapanda na kushuka, na kampuni nyingi zinakuruhusu kubadilisha kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, kwa hiyo kila baada ya muda ingia uangalie, unaweza ukakuta balkoni imeshuka mpaka karibu na bei uliyolipia chumba kisicho na dirisha. Mwambie wakala akuhamishe siku hiyohiyo, kesho usiikute. Wengi hawafanyi hivi kwa uvivu tu.

Kuna na mambo ya dau, Royal Caribbean wanaiita RoyalUp, unataja kiasi utakachoongeza upandishwe, wakikubali wanakata hela na hairudi. Hapo tuliza akili, dau ni la kila mtu, sio la chumba, kwa hiyo ukiandika dola 100 nyie wawili ni 200. Ila kama mko watatu chumbani yule wa tatu hahesabiwi, kwa hiyo familia inaweza kufaidi. Na namba ya chumba kipya huchagui, ulichagua sehemu tulivu wao wanakupeleka kwingine, ndo imetoka hiyo.

Kampuni ya kuanza nayo? Angalia MSC zinazotokea Durban, kiangazi cha kule, kuanzia Novemba hivi. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, na hilo peke yake limekuokolea hela na kuzungushwa. Za Barcelona au Genoa ni tamu lakini utahitaji Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na kama meli inatoka nje ya eneo hilo, labda inagusa Tunis halafu inarudi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kwenye bajeti weka na tipu, kampuni nyingi kubwa zinakata zenyewe, kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku, hata huyo Diamond analipa. Hapo kwenye tipu nadhani sina cha kukufundisha.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 63, naishi Rau, Moshi. Binti yangu yuko Uingereza, amesema nikienda kumtembelea atanipandisha meli Southampton twende mpaka Norway, na anataka kunilipia chumba cha balkoni, juu kabisa, kule mbele, anasema ndicho kizuri. Mwanangu, mimi boti ya Dar kwenda Zanzibar tu nilitapika hadi nikaapa. Nimwambieje asivunjike moyo?
Mama wa Rau

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie ukweli, na mwambie pia kwamba kwako wewe chumba kizuri ni kile cha bei ya chini kidogo, nadhani hilo halitamuumiza! Meli inayumba zaidi mbele na nyuma, na kadiri unavyopanda juu unazidi kuisikia. Katikati ya meli, sitaha za chini, yaani ghorofa za chini, ndo kuna utulivu. Hizo meli ni kubwa mno na zina mapezi pembeni chini ya maji ya kupunguza kuyumba, kwa hiyo usizipime kwa ile boti, lakini bahari ya kaskazini ikichafuka inachafuka.

Achukue chumba cha katikati chenye dirisha, au balkoni ya sitaha ya chini ikiwepo, na achague namba, asiwaachie wapange wao. Mwambie afungue ramani ya meli kwenye tovuti yao aangalie juu na chini ya chumba kuna nini, panatakiwa pawe na vyumba vingine, sio disko wala jiko. Pakiandikwa kwamba mandhari yamezibwa ujue mbele ya dirisha kuna boti ya kuokolea watu, utakuwa unatazama hiyo wiki nzima. Na mama, viza ya Uingereza haikuingizi Norway, utahitaji Schengen pia, mwambie mapema.

SWALI: Tunafunga ndoa Desemba, tuko Ngaramtoni. Tukiandika kwamba ni fungate watatupandisha chumba bure?
Wachumba

JIBU: Hongereni. Andikeni, ila mtakachopata labda ni keki na kadi. Kwenye hizo meli mafungate na maadhimisho ya ndoa ni kila wiki. Siku ya kupanda nendeni mapokezi mkaulize kama kuna balkoni imebaki na mtaongeza shilingi ngapi, kuuliza ni bure, ila Desemba zinajaa, msiende na matumaini sana.