Jibu: Menyu ya vipengele 34 kwenye paneli ya usimamizi

Kaka, umeuliza kama vipengele vyote 34 vya paneli yako ya usimamizi (kurasa za kuendeshea mfumo) uvifiche chini ya menyu ndogo. Kabla ya kuficha, tazama nani anahitaji nini. Nilimtengenezea muuza viungo wa soko la Marikiti mfumo wa stoo. Karani wake alitumia mauzo, mzigo na risiti tu, lakini menyu ilimwonyesha mpaka mipangilio ya seva (kompyuta inayoendesha mfumo). Nikagawa kwa majukumu, kila mtu akaona chake. Malalamiko yakaisha, isipokuwa ya mwenye duka aliyetaka kuona kila kitu (hayo hayana dawa).

Ile "kanuni ya saba", kwamba menyu isizidi vipengele saba, achana nayo. Mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, alizungumzia kumbukumbu ya muda mfupi; menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Vipengele kumi vilivyopangwa vyema havimsumbui mtu.

Ngazi mbili za menyu zatosha. Ya tatu mtu hupotea kama mgeni kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Andika "Pokea mzigo", si "Usimamizi wa Rasilimali". Na ukificha kiungo cha ukurasa kwenye menyu, zuia ruhusa kwenye seva pia, maana mjanja ataiandika anwani ya ukurasa huo kwa mkono na kuingia.