Gozo: lala huko, usiende na kurudi

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kukiona kisiwa cha Gozo, jirani ya kisiwa cha Malta, na kama ukodi gari. Siku moja haitoshi kabisa. Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba 67 tu, lakini utamu wake ni jioni, watalii wa kutwa wakisharudi Malta. Lala walau siku mbili kijijini, Għarb kwa mfano, kwenye nyumba za mawe za wakulima.

Gari si lazima, basi zipo. Kivuko kutoka Ċirkewwa, bandari ya upande wa Malta, ni kama dakika 25, na nauli unalipa wakati wa kurudi.

Kiangazi, asubuhi na mapema, nenda Xwejni, pwani ya Gozo: vijibwawa vya mraba vimechongwa mwambani, maji ya bahari yanakauka, chumvi inafagiliwa kwa ufagio na kulundikwa. Onja pia ġbejna, jibini ndogo ya duara ya maziwa ya kondoo, ile yenye pilipili manga. Lile tao la mwamba la kwenye picha, Azure Window, usilifuate. Liliporomoka Machi 2017.

Halafu wasikilize wenyeji wakihesabu kwa Kimalta: sitta, sebgħa, disgħa, karibu sawa na sita, saba, tisa zetu. Mimi nilisisimka.