Mkuu achana na hiyo konvata, pandisha shata kwanza

Subiri, usilipie hiyo kitu. Nimesoma maelezo yako mpaka pale uliposema una lenzi ya 70-300 (milimita hizo, namba ikiwa kubwa inavuta zaidi), ndege wakiruka picha zinatoka na ukungu, unapiga kwa shata 1/500 (yaani inabaki wazi sehemu moja ya 500 ya sekunde), ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) hupitishi 400 eti "picha itaharibika", na sasa unataka telekonvata ya 2x (kile kipande cha kufunga kati ya lenzi na kamera kinachokuza mara 2) ili ndege waje karibu. Hapo nikashindwa kuendelea kusoma vizuri maana hayo ni maisha yangu kabisa, kasoro jina.

Tatizo lako sio umbali. Ni shata.

Mimi hiyo konvata niliinunua. Lenzi yangu ni 100-400, ukivuta mpaka mwisho inafungua f/5.6 (hiyo ni tundu la mwanga, namba ikikua tundu linapungua). Aliyeniuzia akanambia "itapunguza mwanga kidogo tu". Kidogo! 2x inakula stopu 2 nzima, kila stopu ni nusu ya mwanga, yaani unabaki na robo ya mwanga, ile f/5.6 inageuka f/11. Kamera yangu ya wakati huo ilikuwa DSLR (ile yenye kioo ndani) ambayo fokasi yake, yaani ile ya kukaza picha, mwisho ni f/8, kwa hiyo nikiifunga tu hiyo konvata, lenzi inaenda mbele inarudi nyuma, zzzz zzzz, kama mtu anayetafuta funguo gizani, huku ndege kashafika anakokwenda, katua, na watoto kashawalisha. Na zile chache zilizoshika? Ukungu uleule, ila sasa umekuzwa mara mbili. Miezi 3 nikawa najidanganya kwamba mikono yangu ndo inatetemeka, nikanunua na tripodi (usiniulize), mwisho konvata nikaiuza nusu bei na nyumbani nikasema nimepata faida.

Lakini kilichoniuma zaidi ya hela ni furukombe. Alishuka mbele yangu akanyakua samaki, mwanga mzuri, jua liko mgongoni kwangu, nikakandamiza kidole mpaka kamera ikajaa ikagoma. Picha 214. Shata 1/320, ISO 400, "safi" kama nilivyofundishwa. Nimefika nyumbani nafungua moja moja, mbawa kama shuka iliyoanikwa kwenye upepo, jicho halionekani ni jicho, na kwa kuwa hata kumfuata nilikuwa simfuati vizuri, kitu pekee kilichokaza ni magugu ya nyuma, ambayo nayo hayakuwa na safari. Sikulala. Sijapata nafasi ile tena mpaka leo.

Sasa huyo aliyenifundisha, Mungu anisamehe. Jamaa anapiga picha za harusi, anaheshimika kweli kwenye harusi, akanipa sheria 2 kama amri: shata isiwe chini ya urefu wa lenzi, yaani lenzi ya 400 piga 1/400 inatosha, na ISO isizidi 400. Ile ya kwanza inazuia mtikisiko wa MKONO WAKO, haihusiani hata chembe na mwendo wa yule unayempiga. Bwana harusi hapigi mbawa! Piga hesabu mwenyewe: ndege anayekwenda kilomita 54 kwa saa anakata mita 15 kila sekunde, kwa hiyo shata ikiwa 1/500 anasogea sentimita 3 ikiwa bado wazi. Hapo ni kiwiliwili tu, ncha ya bawa ina mwendo wake juu ya huo. Ukiweka 1/2000 inashuka mpaka chini ya sentimita 1. Ndo maana nasema 1/2000 ni sakafu, sio dari. Korongo na yangeyange wanaoelea taratibu unaweza kuwahurumia kidogo, mbayuwayu hata 1/3200 anakucheka.

"Lakini ISO itapanda." Ipande! Kwa mwanga uleule wa 1/500 na ISO 400, ukienda 1/2000 unahitaji ISO 1600. Basi. Ukiongeza na hiyo konvata yako ni 6400, ndo ujue unanunua nini. Chengachenga za 1600, zile punje zinazokuja ISO ikipanda, programu inazisafisha, tena ukipiga picha ya giza kwa kuogopa ISO halafu ukaing'arisha kwenye kompyuta chengachenga zinatoka kama kawaida, mara nyingi zaidi. Ukungu wa mwendo hausafishwi, hayo manyoya hayamo kwenye faili, utayatoa wapi?

Kwa hiyo weka M (unaseti mwenyewe), shata 1/2000, apacha, yaani lile tundu la mwanga, wazi mpaka mwisho, ISO iache otomatiki, fokasi ile inayofuatilia (AI Servo kwa Canon, AF-C kwa Nikon na Sony). Akiwa kwenye anga jeupe ongeza mwanga +1 asitoke kivuli cheusi. Ni hayo tu, shata kwanza, mengine yanaifuata.

Kuhusu kuwa karibu, sogea wewe, polepole, upepo ukupige mgongoni, maana ndege huruka na kutua akiukabili upepo, utampata uso badala ya mkia. Na wengi hasa mwewe na korongo wakitaka kuondoka hujisaidia kwanza kupunguza mzigo, ukiona hivyo kidole kiwe tayari. Nacheka ila ndo kengele yangu ya uhakika kuliko zote.

Uliuliza na mambo ya mandhari ya nyuma na kadi ya memori, sijui na kitu gani tena, nimeshasahau na sirudi juu, wadau wengine watakujibu. Wewe kesho asubuhi piga 1/2000 na hiyohiyo 70-300 uziweke hapa tuzione. Na ukishindwa kabisa kujizuia na konvata njoo PM, nikuelekeze kwa niliyemuuzia yangu, nina hakika na yeye anatafuta wa kumwangushia.