Kabla Hujaandika "Kware"

Vijana wangu wa darubini, nimepitia orodha zenu za ndege mlioona tangu Januari. Kware kila ukurasa! Haya, tukae kitako.

1. Msimu kwanza. Delegorguei (Coturnix delegorguei, kwa Kiingereza Harlequin Quail), mmoja wa kware wetu wa porini, hufuata mvua. Nyasi zikichipua nyanda za Athi, ndipo umtafute. Ukimwandika Septemba, vumbi likitimka, utaulizwa picha. Mimi ndiye nitakayeuliza.

2. Kinachofurupuka miguuni si lazima kiwe kware. Hili limenigharimu. Nilikuwa nimewapeleka wageni Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege akaruka kando ya gari, nami nikapaza sauti: "Delegorguei!" Wote wakaandika. Nikaongeza na mhadhara: koo jeupe lenye michirizi myeusi, kifua cheusi, ubavu wa hudhurungi. Sikuwa nimeona hata kimoja. Ndege alitua hapo hapo karibu, kisha akatokea barabarani anatembea huku akiyumba mbele na nyuma. Mzee mmoja kiti cha nyuma akauliza kwa upole, "Mwalimu, kidole cha nyuma kiko wapi?" Nikamjibu nyasi zimekificha. Kwenye murram tupu! Hakubisha, alikata tu mstari kwenye daftari lake, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Alikuwa Turnix, ndege mdogo anayefanana na kware (kwa Kiingereza buttonquail): vidole vitatu tu, cha nyuma hana, na akiruka, mabega yake ni meupe-meupe kuliko ncha za mbawa. Kwao jike ndiye mwenye rangi kali, na dume ndiye anayeatamia. Wala si jamaa ya kware.

3. Tumieni masikio. Dume wa coturnix (Coturnix coturnix, kware wa kawaida) hurudia mlio wa vipande vitatu, mwepesi kama maji yanayodondoka. Mlio wa delegorguei ni mkali kama wa chuma. Ukisikia mvumo mzito wa chini, huyo ni jike wa Turnix anaita. Na msiwachezee sauti za simu, tafadhali, wanataga.

4. Adansonii, kware wa bluu (Blue Quail), hupenda nyasi zenye majimaji. Huko kwenye udongo mkavu mnamtafutia nini?

5. Kware wa karibu na ploti mtilieni shaka. Wa kufugwa ni japonica, kware wa Kijapani, na anafanana mno na coturnix. Wakati wa ile homa ya kufuga kware kwa ajili ya mayai, 2013 na 2014, jirani yangu alijenga vizimba hadi kwenye varanda, na milango yake ilifungwa kwa kamba ya katani tu, rahisi kware kutoroka. Ukimwona mmoja anadonoa kando ya ua wa mabati Kitengela, andika "Coturnix sp.", yaani kware wa Coturnix ambaye spishi yake haijulikani, na uendelee na safari.