Magoti, presha, na sasa sukari

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 54, nauza samaki hapa Tanga. Presha ninayo tangu mimba ya mwisho. Natumia losartani na kile kidonge cha kukojoza. Juzi nimepimwa sukari asubuhi kabla sijala, ikawa 8.4, nikarudia siku nyingine, 8.1. Jirani anasema dawa za presha ndizo zilizoniletea sukari, niziache ninywe majani. Magoti nayo yananiuma, lakini hayo nayatuliza kwa diklo, asubuhi na jioni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wewe umeuliza sukari, mimi macho yamenigota kwenye diklo. Umeitaja kama peremende!

Hiyo iache leo. Diklofenaki hupandisha presha, huzuia maji mwilini, tena hupunguza damu inayofika kwenye figo. Losartani nayo inagusa mishipa ya figo, na kidonge cha kukojoza kinakupunguzia maji. Zikikutana zote tatu, hasa siku umeharisha au umeshinda juani bila kunywa maji, figo zinaweza kugoma. Na figo kwa kawaida haziumi. Mtu anakuja kushtuka miguu imevimba na chakula hakipiti, kumbe zimeshaharibika sana. Dukani waambie una presha, wasikupe ibuprofeni badala yake, maana ni ndugu yake diklo. Magoti yapatie parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na ukikaa kibandani nyoosha mguu mmoja mmoja, uukaze, uushushe.

Sukari sasa. Kabla ya kula, 7.0 au zaidi mara mbili ni kisukari. Jirani hajakosa yote: kidonge cha kukojoza huweza kuipandisha kidogo kwa baadhi ya watu, na daktari anaweza kukibadilisha. Lakini presha na kisukari huandamana hata kwa asiyewahi kumeza kidonge, hasa unene ukiwa tumboni au ukoo ukiwa nacho. Losartani ndiyo kwanza utaihitaji, kwa sababu husaidia kulinda figo za mwenye kisukari. Ukiziacha dawa za presha unaikaribisha kiharusi.

Huenda ukapangiwa kliniki mbili, presha siku yake na sukari siku yake. Mimi mpango huo siupendi, huyu hajui yule kaandika nini. Kwa hiyo tia dawa zote kwenye mfuko mmoja, na hayo majani pia, ukamwage mezani kwa daktari. Omba upimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), protini kwenye mkojo, lehemu (mafuta kwenye damu), na macho. Muulize pia presha yako ifike wapi. Wenye kisukari wengi hulengwa chini ya 130/80.

Na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, najua niko Tanga naongea na muuza samaki, lakini ile chumvi haikufai. Wauzie wateja, wewe jipikie samaki wabichi.

Kreatinini ikitoka niandikie namba yenyewe, usiniambie "wamesema nzuri".