Kadi ninayo lakini chasi ni nyingine: je, tuhamishe namba?

SWALI: Gari langu lilipinda chasi kwenye ajali. Nikanunua chasi nzima pamoja na springi na ekseli zake, kutoka gari jingine la aina hiyo hiyo lililouzwa kama chuma chakavu, bila kadi. Bodi, usukani na giaboksi ni za gari langu la zamani, injini nimeipata kwingine. Nimeliunda mwenyewe kwa miaka 2 na sasa linatembea vizuri. Fundi anayenichomelea anasema tukate kile kipande chenye namba kwenye chasi ya zamani, tukichomelee kwenye hii, ili gari lilingane na kadi niliyo nayo. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Je, ni sawa? Na injini nayo itanisumbua?

JIBU: Usikikate. Kama grainda imeshachomekwa kwenye umeme, ichomoe kwanza ndipo uendelee kusoma. Swali hili nalipata mara kwa mara, na aghalabu linanifikia kipande kikiwa kimeshachomelewa na kupakwa rangi, mwenye gari akishangaa kwa nini mkaguzi amelizuia. Wewe umeuliza mapema, kwa hiyo kazi yako ya miaka 2 bado inaokoka.

Injini tuimalize kwanza kwa sababu ndiyo nyepesi. Injini huchakaa na hubadilishwa, na mamlaka za usajili zinalijua hilo. Tunza risiti yenye namba ya injini na jina la aliyekuuzia, toa taarifa, namba isomwe, kumbukumbu zirekebishwe. Yatosha.

Sasa chasi. Fundi wako anaamini kwamba namba ni mali ya kadi, na kwamba gari lolote likibandikwa namba hiyo linageuka kuwa ndilo linalotajwa kwenye kadi. Mafundi wengi wenye mikono mizuri wanaamini hivyo, na hakuna imani iliyoharibu magari mengi ya watu waaminifu kuliko hiyo. Namba iligongwa kwenye chuma kile kwa sababu chuma kile ndicho kinachotambulisha gari. Kadi inakuja baadaye, inaeleza tu kilichokwishakuwepo. Chuma kikifa, kadi haina tena cha kueleza.

Tazama uzito wa kila kitu. Kwa miaka mingi Uingereza ilipima magari yaliyobadilishwa sana kwa pointi: chasi 5, springi na viungo vyake 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ili gari libaki na usajili wake wa zamani lilihitaji angalau pointi 8, na chasi lazima iwe ya asili au mpya kutoka kwa mtengenezaji, isiyoguswa. Kwa gari lenye chasi iliyotengana na bodi kama lako, bodi iliyokalia chasi hiyo haikupata hata pointi moja. Jihesabie: usukani na giaboksi vinakupa 4. Hayo unayoyaita matengenezo ya gari lako la zamani, kwa kipimo kile ni gari jingine lililovaa bodi yako. (Magari mengi ya leo hayana chasi iliyotengana, bodi ndiyo chasi. Huko mchezo unaochezwa ni kuunga nusu ya mbele ya gari moja na nusu ya nyuma ya jingine, na huo ni hatari zaidi.)

Fundi atakwambia hakuna atakayegundua. Hapo ndipo ninapokosa subira kabisa, kwa sababu nimeshika tochi mbele ya magari hayo. Kipande kilichopandikizwa kinajitangaza. Ukipitisha kidole ubavuni mwa chasi unahisi wimbi pale mshono uliposagwa. Ukimulika tochi kwa pembeni, mstatili wote unajichora kwa kivuli. Kipimo cha unene wa rangi, ambacho kwenye rangi ya kiwandani husoma mikroni mia moja na ushee, kinaruka ghafla hadi mamia kadhaa kwa sababu ya puti iliyopakwa kuficha mshono. Na upande wa ndani, ambako grainda haifiki, rangi ya moto wa kuchomelea bado ipo.

Walio wajasiri zaidi hawapandikizi, wanagonga namba mpya kabisa. Namba hiyo tangu mwaka 1981 imekuwa na herufi na tarakimu 17 kwa magari ya soko la Marekani, na mpangilio huo umeenea duniani. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji. Kwa magari ya soko hilo, ya 9 hupatikana kwa hesabu ya nyingine zote, hivyo ukibadilisha moja bila kujua, hesabu inakusuta. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Niliwahi kuletewa gari ambalo namba yake iligongwa kwa ustadi, mistari imenyooka kama ya kiwandani, na katikati imekaa herufi O. Mwenye gari alikuwa amelinunua kwa akiba yake yote. Nilipomwonyesha aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaweza kuifuta.

Kufuta nako hakusaidii. Namba inapogongwa, pigo halichimbi uso tu, linabana punje za chuma chini ya kila herufi. Unaweza kusaga na kupiga msasa mpaka uso ung'ae, mbano ule mara nyingi unabaki chini. Mchunguzi anapaka mchanganyiko wa asidi, chuma kilichobanwa kinaliwa tofauti na kilicho pembeni yake, na namba ya zamani inapanda juu taratibu, herufi baada ya herufi.

Kwa hiyo fikiria chasi yako mpya. Nayo ina namba yake, na ili mpango wa fundi ukamilike lazima namba hiyo isagwe. Je, unajua ilikotoka? Ulinunua bila kadi. Huenda ni halali kabisa, huenda gari lake liliibwa. Kama ni halali, namba ile ndiyo shahidi wako pekee, na wewe ndiye utakayekuwa umemuua. Kama iliibwa, ukienda na risiti na namba ikiwa mahali pake, wewe ni mnunuzi aliyedanganywa. Ukienda namba imesagwa, huna utakachosema kikaaminika, na katika nchi nyingi kusaga tu ni kosa la jinai hata kama hakuna kilichoibwa.

Fanya hivi. Acha namba zote mbili zilivyo. Mrudie aliyekuuzia chasi, andikianeni mauziano yenye namba ya chasi, tarehe na utambulisho wake. Akikataa kuandika, umeshapata jibu la swali ulilokuwa hujamuuliza. Peleka namba hiyo ihakikiwe kwenye orodha ya magari yaliyoibwa kabla hujatumia hela nyingine. Kusanya risiti zote na picha za kila hatua, hasa picha za chasi ikiwa tupu. Chasi ya zamani usiiuze wala kuitupa, mkaguzi anaweza kutaka kuiona. Kisha omba ukaguzi wa gari lililoundwa upya, na uombe kabla ya kupaka rangi, ili mishono yako ya kuchomelea ionekane. Aliyechomelea vizuri anafaidika ikionekana.

Usishangae ukipewa utambulisho mpya. Marekani majimbo mengi huligawia gari la namna hii namba mpya na kuandika kwenye hati kwamba limeundwa upya. Uingereza, gari ambalo asili yake haijulikani vizuri hupewa namba ya usajili inayoanza na Q. Watu wanaiogopa alama hiyo kwa sababu inashusha bei. Ni kweli inashusha. Lakini anayenunua anajua anachonunua, na bima unayokata inahusu gari ulilo nalo. Bima iliyokatwa kwa jina la chasi iliyokwishakufa, siku ya ajali kampuni ina sababu tayari ya kukataa kulipa, na aliyegongwa anaweza kukudai wewe.

Kuna la uimara pia. Kwenye magari mengi yenye chasi, namba iko ubavuni karibu na gurudumu la mbele, mahali panapobeba mizigo mizito ya springi na usukani. Ukikata dirisha la pembe nne hapo na kuliziba, kila pembe inakuwa mwanzo wa ufa. Nimeona ufa wa namna hiyo umetambaa mpaka kwenye tundu la boliti ya usukani.

Nyinyi mnaosoma bila kuwa na gari la kuunda, hili ni lenu pia. Vishoka wanaouza kadi tupu za magari yaliyokufa wanaishi kwa imani ile ile ya fundi wetu. Kadi isiyo na gari haina matumizi halali hata moja, anayeinunua anatafuta gari la kuivisha, na gari hilo mara nyingi lina mwenyewe anayelitafuta. Na baadhi ya magari yaliyokufa ambayo kadi zake zinauzwa yalikwishapigwa marufuku kurudi barabarani. Uingereza, gari lililoharibika likiwekwa kundi B linaweza kutolewa vipuri, lakini bodi yake lazima ipondwe. Ukikuta kadi ya gari kama hilo juu ya gari linalotembea, kuna uongo hapo. Kabla ya kulipa, isome namba kwenye chuma chenyewe, iwe mchana na pakiwa pakavu. Kibati cha kwenye dashibodi na cha mlangoni hushikiliwa na riveti au gundi tu.

Na kama umeshakata kabla ya kusoma haya, usichomelee. Kifunge kipande hicho kwenye kitambaa chenye mafuta kisipate kutu, usikifute wala kukisaga, na ukipeleke kwa mkaguzi hivyo hivyo pamoja na chasi kilikotoka. Utaulizwa maswali magumu, lakini kingo za kipande na za tundu bado zinaingiana, na hilo mkaguzi analiona kwa macho yake.