Wahindi na Wachina wa Marekani: tatizo si akili, ni mlango walioingilia

Mkuu, umesema Wahindi na Wachina wa Marekani wengi ni madaktari na mainjinia kwa kuwa wamejaliwa akili kutuzidi. Mimi niko huku Texas, nafanya kazi za kompyuta, na ofisini kwetu Wahindi ndio wengi. Wana bidii, sikatai. Ila ungejua wanavyochujwa kabla ya kupanda ndege, sifa hizo ungezipunguza.

Zamani Marekani haikuwataka kabisa. Vibarua wa Kichina walijenga reli ya kuvuka bara iliyokamilika 1869, na mwaka 1882 ikaja sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie. Ilipofutwa 1943, Wachina wakapewa nafasi 105 kwa mwaka. Mia na tano! Mwaka 1965 ndipo Rais Johnson akasaini sheria iliyofuta mgawo wa kupendelea Wazungu wa Ulaya na kufungulia wenye ujuzi na ndugu wa raia. Akatangulia mwenye digrii, kisha akamvuta mdogo wake. Mkulima wa Bihar, jimbo maskini la India, humuoni hapa. Wahmong wa Laos walikuja kama wakimbizi baada ya 1975, wengi wakaanzia kazi za viwandani, na wao ni Waasia vilevile.

Halafu kuna foleni ya grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Kila nchi ina kikomo cha asilimia 7 ya grini kadi za kazi kwa mwaka, India yenye watu zaidi ya bilioni sawa na Iceland. Jamaa ninayekaa naye meza moja, wa Hyderabad kule India, yuko kwa viza ya H-1B, ya muda ya wafanyakazi wenye ujuzi, miaka nenda rudi. Mwanawe anakaribia miaka 21, na akiivuka kabla foleni haijasogea anaweza kuondolewa kwenye faili la baba yake. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya grini kadi, ambayo mzaliwa wa India haruhusiwi kucheza kwa kuwa nchi yake imeshaleta watu wengi.

Na kinachoangaliwa ni ulikozaliwa, si pasipoti. Tunaye Mhindi mwingine, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kinanishinda. Digrii ileile, kazi ileile, lakini faili lake likapangwa foleni ya Kenya, na sasa anaomba uraia. Yule wa Hyderabad alipolisikia hilo alimuuliza kama mama yake alikwenda kujifungulia Mombasa makusudi.